Kaka Yangu Anataka Pijo ya Marehemu Baba Iuzwe kwa Kilo

Mjomba, pokea salamu zangu kutoka Buruburu.

Nina umri wa miaka 41, nina mke na watoto wawili, na kazi yangu ni ya stoo katika kampuni moja pale Industrial Area. Baba yetu mzazi alitutoka miaka mitatu iliyopita. Aliacha nyumba anamoishi mama, kishamba huko Nyandarua, na Peugeot 404, saluni nyeupe, yenye namba zile za zamani za kibao cheusi.

Baba alikuwa dereva wa teksi za masafa, Nairobi hadi Nakuru, siku zile Pijo zilipokuwa zikijaza abiria na kung'oa nanga. Aliendesha za watu mpaka akapata ya kwake, na hiyo ya kwake hakuifanyia biashara hata siku moja. Ilikuwa ya kanisani, ya harusi na ya kuturudisha shuleni. Alitusimulia kwamba aliapa kuwa na 404 wakati wa Pasaka ya 1968, akiwa kijana, aliposimama kando ya barabara iliyogeuka tope kutazama mbio za magari za Safari Rally. Magari yalikuwa yakikwama huku na huku, 404 ikapita. Sijui kama ni kweli au ni hadithi za wazee.

Macho yalipoanza kumsumbua aliiegesha nyuma ya nyumba, akaifunika turubai, na haijawaka tangu hapo. Mwaka jana niliitoa ile turubai. Kwenye dashibodi kuna kovu nililolitia mwenyewe kwa bisibisi nikiwa mtoto, na baba hakulifuta. Nilipoliona niliamua gari litarudi barabarani.

Nikachukua mkopo wa sh150,000 kwenye Sacco bila kumwambia mke wangu. Fundi niliyempata alifungua kabureta, starta na taa zote akaenda nazo, eti kuzishughulikia. Siku hizi hashiki simu, na akishika anasema injini imekufa, nimwongeze 80,000 tuitoe tuweke ya Toyota. Mke wangu aliuona ujumbe wa Sacco kwenye simu. Alichoniambia ni hiki tu: "Ukimaliza kumfufua baba, utukumbuke na sisi tulio hai."

Kaka yangu mkubwa anataka gari liuzwe kwa watu wa vyuma chakavu ili pale lilipo tujenge vyumba vya kupangisha. Dada yetu aliye Mombasa anasema atafuata atakalosema mama. Mama naye akiulizwa hujibu, "Msiniulize habari za gari, niulizeni kama nimekula." Halafu kuna mzee mmoja wa Karen mwenye magari kadhaa ya kale, amesema atanipa laki tatu alichukue kama lilivyo.

Mjomba, niendelee au nimwachie huyo mzee? Na huyu fundi nimwamini? Logibuku ninayo, iko kwa jina la baba.

Mwana wa Dereva, Buruburu

MJOMBA ANAJIBU

Mpwa wangu, pole kwa kufiwa. Miaka mitatu si mingi kwa aliyempoteza mzazi.

Barua yako nzima ni injini, fundi na mkeo, kisha mwishoni kabisa ukatupa, kama mtu aliyekumbuka jambo akiwa mlangoni, kwamba logibuku iko kwa jina la baba. Mimi nitaanzia hapo. Gari hilo si lako. Si la kaka yako pia. Ni mali ya marehemu, na mpaka mahakama impe mtu mamlaka ya kuisimamia, hakuna kati yenu mwenye haki ya kuliuza, liende zima Karen au liende kwa kilo. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inasema ni kosa la jinai mtu kujitwalia au kuuza mali ya marehemu bila idhini, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha mwaka mmoja. Mwambie kaka yako hayo mkiwa mmeketi mezani, wala usimwambie kwa simu. Hata huyo mnunuzi wa vyuma chakavu, sheria ya 2015 inamtaka awe na leseni, na mwenye leseni ya kweli hataki kuonekana na gari la marehemu lisilo na karatasi.

Njia yenyewe si ngumu, ni ndefu tu. Mtahitaji cheti cha kifo, barua ya chifu inayowataja warithi wote, na ombi mahakamani. Ombi hilo hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali kwa siku 30 ili mwenye pingamizi ajitokeze, ndipo hati ya usimamizi itoke. Kuithibitisha hati hiyo ili mali igawanywe, kwa kawaida husubiri miezi 6. Usione nakutwisha mzigo kwa sababu ya gari kuukuu. Nyumba na shamba vinangoja hati hiyohiyo, na nashangaa kwamba miaka mitatu imepita na hakuna hata mmoja wenu aliyeligusia jambo hilo.

Katika orodha ya mali, gari liandikwe peke yake pamoja na thamani yake. Hapo mzee wa Karen amewasaidia bila kujua. Laki tatu yake ndiyo bei ya gari kama lilivyo leo. Ukilitaka, lihesabiwe kwa bei hiyo ndani ya fungu lako, na wenzako wafidiwe kwingine. Mwandikiane, mtie sahihi nyote, dada wa Mombasa pia. Fanya hivyo kabla hujaongeza hata shilingi, kwa sababu kaka asiyelitaka likiwa na kutu atalitaka likimeremeta, nawe hutakuwa na pa kumshika. Mahakama ikishathibitisha, ndipo uende NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kubadilisha jina.

Na mama? Wewe unadhani anakwepa swali. Mimi naona mmekuwa mkimwuliza swali baya. Kwa sheria yetu mjane ana haki ya kuitumia mali aliyoacha mumewe maisha yake yote, kwa hiyo neno lake ni la kwanza, si la kujaza nafasi baada ya nyinyi kugombana. Nenda Jumapili moja, hakikisha amekula kama alivyosema, kisha usitaje kuuza wala kutengeneza. Mwulize walilipataje. Mwulize siku ya kwanza waliendesha kwenda wapi, nani alitapika kwenye kiti cha nyuma, lilikwama wapi, bibi harusi gani alibebwa ndani yake. Washa simu irekodi, kwa ruhusa yake. Omba na albamu za picha, halafu zitazame kwa jicho la fundi: vifuniko vya rimu vilikuwa vya namna gani, kioo cha pembeni kilikuwa kimoja au viwili, na je, gari lilikuwa jeupe tangu mwanzo au lilipakwa baadaye? Ukitaka kujua rangi ya kwanza, tazama mahali ambapo fundi wa rangi mvivu hafiki, chini ya zulia la buti au nyuma ya kadi za milango, yale mabamba ya ndani. Mama akikwambia lilikuwa la kijivu, na chini ya zulia ukakuta kijivu, hapo una kitu ambacho hata yule mzee wa Karen hawezi kukununulia.

Baba yako hakutia chumvi. Safari ilikuwa ikikimbiwa Pasaka, msimu wa masika ukiwa unapiga hodi, na mwaka 1968 mvua iliharibu barabara hata yakamaliza magari 7 tu. La kwanza lilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Ajabu ni kwamba wawili hao, kwa 404, walikuwa wameshinda pia 1963, na mwaka huo vilevile waliomaliza walikuwa 7. Katikati hapo Bert Shankland kutoka Tanzania akashinda 1966 na 1967, naye pia kwa 404. Sisemi Pijo ilikuwa peke yake. Joginder Singh alishinda 1965 kwa Volvo, na Datsun zilikuja kutawala baadaye. Ila dereva kijana aliyesimama kwenye tope mwaka huo alikuwa na sababu nzuri ya kuapa. Simulizi yake iandike uihifadhi pamoja na logibuku.

Kuna sababu nyingine ya kutolipeleka kwenye mizani. Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingizwa gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba 404 zilizobaki nchini ndizo hizo, na kila inayokatwa haina mbadala wa kuja na meli.

Sasa fundi. Usimpe hiyo 80,000. Kwanza nenda na shahidi, urudishiwe kabureta, starta na taa, hata kama hajazigusa. Taa na vipande vidogo vya gari la kale hupotea kirahisi kuliko injini, na ukishavipoteza utazunguka Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, ukitafuta kitu ambacho muuzaji wa miaka 25 hajawahi kukiona. Kuanzia sasa kila kitu kinachofunguliwa kipigwe picha kikiwa mahali pake, kitiwe kwenye mfuko wenye jina, na kikae kwako. Spea nunua mwenyewe. Fundi mlipe kwa kazi iliyokwisha, na mwandikiane, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari.

Kuhusu injini ya Toyota, hapana. Siipingi kwa sababu ya usafi wa dini ya magari ya kale, maana wapo wanaotaka hata skrubu iwe ile ya kiwandani, na mimi si mmoja wao. Napinga kwa sababu ya chuma chenyewe. Injini ya 404, ile yenye ujazo wa cc 1618, imelazwa ubavu kwa nyuzi 45, gia yake iko kwenye usukani, na shafti inapita ndani ya bomba hadi difu ya meno ya parafujo ambayo Toyota haina. Ukitoa injini utalazimika kubadilisha gia, kisha shafti, kisha difu, na ukimaliza utakuwa na gari ambalo hakuna fundi anayelijua. Ikibidi kabisa, injini ya Peugeot 504 ilitokana na hiyohiyo ya 404, na ndiyo mafundi wa zamani walikuwa wakiipachika. Hata hivyo namba ya injini iko kwenye logibuku, na ikibadilika lazima NTSA wajulishwe.

Lakini nani amesema imekufa? Huyo aliyebeba starta? Injini iliyolala miaka mingi haihukumiwi kwa kusikilizwa. Toa plagi zote nne, tia mafuta mepesi kidogo katika kila silinda, iache siku kadhaa. Kisha weka gia ya nne, plagi zikiwa nje, usukume gari mbele na nyuma polepole. Ikizunguka, una bahati. Ikiwa imekamata, bado si msiba, kwa sababu silinda za injini hiyo ni slivu, yaani mirija ya chuma, zinazotoka. Hubadilishwa pamoja na pistoni bila kuchonga bloku, kazi ambayo fundi mtulivu wa Kariobangi Light Industries anaifahamu. Usijaribu kuiwasha kabla ya kumwaga oili ya zamani, kutoa petroli iliyooza kwenye tanki na kusafisha rejeta. Siku kabureta itakaporudi, irekebishiwe hapa hapa. Nairobi tuko juu, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopangwa kwa hewa ya pwani hapa hula mafuta na kutoa moshi mweusi.

Hata ikiwaka usiondoke nayo. Breki kwanza. Maji ya breki hunywa unyevu wa hewa, na kwa miaka yote hiyo silinda za breki zimekwisha kuota kutu ndani, mipira imekauka. Tairi nazo, hata kama bado zina meno, soma zile tarakimu 4 za mwisho ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka zilipotengenezwa. Ukizisoma utazitoa mwenyewe bila kuambiwa.

Kisha kutu, na hapa ndipo pesa zako nyingi zitakapokwenda, kwa hiyo niruhusu nikawie. 404 haina chesisi ya kujitegemea chini yake. Bodi ndiyo chesisi. Kizingiti cha chini ya milango kikioza, si urembo ulioharibika, ni uti wa mgongo. Lala chini na bisibisi, gonga vizingiti, sakafu miguuni pa dereva, pembe za buti, na pale betri inapokaa kwa sababu ya asidi. Bisibisi ikipenya, hapo panakatwa mpaka chuma kizima kionekane, na bati jipya lichomelewe. Fundi atakayekuambia atajaza kwa bodi fila na kupiga msasa, mshukuru uondoke. Mafundi wengi wa bodi hupenda kuanza na rangi kwa sababu ndiyo inayofungua mfuko wa mteja. Rangi kwako iwe ya mwisho, na mwaka huu usiiwaze kabisa. Lile kovu la bisibisi kwenye dashibodi usimruhusu mtu alizibe.

Hayo ni ya baadaye, urithi ukishakamilika. Kwa sasa kazi yako ni kulitunza lisiendelee kuoza, jambo ambalo hata kaka yako hawezi kulikataa. Mwaga petroli, toa betri, liinue juu ya stendi imara (usiliache juu ya jeki), fukuza panya, na turubai isilale juu ya bodi, maana hufungia unyevu. Usishawishike kulipeleka Nyandarua. Baridi na ukungu wa kule vitalimaliza kabla hujapata hati. Na kaka yako ana haki kuhusu nafasi. Mpe tarehe: hati ikitoka na gari likiwa lako, uhame nalo, ulipie maegesho yenye paa kwa pesa zako. Hapo vyumba vyake vijengwe kama mama anakubali.

Nimemwacha mkeo mwisho wa maneno magumu kwa makusudi. Mkeo hana ugomvi na Pijo. Ugomvi wake ni sh150,000 alizozijua kupitia ujumbe wa simu. Mkopo wa Sacco una wadhamini, na ukikwama ni wao watakaokatwa, kwa hiyo umefunga watu wengine pia kwa siri hiyo. Kaa naye, mwonyeshe taarifa yote ya mkopo: ulichotumia, kilichobaki, unakatwa kiasi gani kwa mwezi. Kilichobaki rudisha. Kisha nyinyi wawili mtaje kiasi kitakachokwenda kwa gari kila mwezi, kitoke baada ya karo na chakula, na mwezi ambao hakipo, gari lisubiri. Gari la kale halina dharura. Ukifanya hivyo, uwachukue yeye na watoto siku ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, mashindano ya uzuri wa magari yaliyoanza mwaka 1970, waone majaji wakichungulia injini na viti na chini kabisa ya magari. Usiende kwa nia ya kushindana. Nenda uzungumze na wenye Peugeot, uwaulize spea wanapata wapi na fundi gani hawabebi vitu.

Huyo mzee wa Karen usimkasirikie, wala usipokee malipo yake ya awali. Mwambie ukweli kwamba mali haijagawanywa na huna cha kuuza. Mwombe badala yake akuruhusu uende kutazama magari yake na kumwona fundi wake kazini. Kama anayapenda kweli atakukaribisha chai na kukuonyesha kila kitu mpaka jioni. Kama alikuwa anatafuta gari rahisi kwa mrithi asiyejua sheria, hutamsikia tena.